Kujaza Shavu Baada ya Kupasuliwa Taya

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Barua imetufikia kutoka Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma, kwa ndugu yetu mmoja wa pwani ambaye riziki yake imempeleka bara, akawa auza nguo katika masoko ya baina ya Webuye na Kitale. Maneno yake kwa ufupi ni haya. Binti yake mwenye umri wa miaka 24 alianguka na bodaboda, taya lake la chini likavunjika mahali pawili na likaunga vibaya. Meno ya juu yakawa hayakutani na ya chini. Kutafuna kukawa taabu, na maneno hayatoki sawasawa. Akapasuliwa katika hospitali kubwa: taya likakatwa tena, likarudishwa mahali pake na kufungwa kwa vibati vya titani. Alhamdulillahi, sasa anakula na anasema. Lakini umepita mwaka na nusu, na upande wa kushoto wa uso wake umebaki na shimo chini ya shavu, na ukingo wa taya una pengo ambalo kila amtazamaye huliona. Daktari amemwambia kuwa iko dawa ya kujaza, hupigwa kwa sindano chini ya ngozi. Jamaa zake walioko Mombasa wamegawanyika. Ami yake asema huko ni kubadilisha umbile la Mungu, basi na avumilie. Shangazi yake asema ajaze, na madhali amekwisha kukaa kitini kwa daktari, aongeze na midomo, na pua inyooshwe. Binti mwenyewe ameacha kutoka nyumbani. Baba yake auliza: nifuate neno la nani?

Tumeisoma barua hii darsani, na kwa kuwa jambo hili sasa limeingia katika miji yetu, tumeona tulijibu hapa ili faida ienee.

Wanavyuoni wa usuli wametufunza kuwa mtu asihukumu kitu kabla ya kukijua. Basi na tukijue kwanza.

Upasuaji wa taya ni kazi ya mfupa. Mwaka 1957 madaktari wawili, Richard Trauner na Hugo Obwegeser, walieleza njia ya kulipasua taya la chini kutoka ndani ya kinywa, ili kovu lisionekane usoni, na njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na kutengenezwa zaidi mpaka leo. Shabaha yake ya kwanza ni meno yakutane na kinywa kifanye kazi. Lakini juu ya mfupa kuna nyama na mafuta na ngozi, navyo havitii amri ya daktari kama utiivyo mfupa. Upande uliopondwa katika ajali huweza kupungua mafuta yake. Ukingo wa taya uliokatwa huweza kubaki na pengo. Na mfupa ukisogezwa, ngozi huenda ikaukalia kwa namna nyingine upande huu na upande ule. Tena uvimbe wa upasuaji hauishi upesi. Mwingi huondoka katika majuma ya mwanzo, ila uliobaki huchukua miezi sita hata mwaka kutulia. Basi mwenye kuutazama uso wake baada ya miezi miwili na kulia kuwa umeharibika, hajauona uso wake bado. Huyu binti amengoja mwaka na nusu. Alionalo sasa ndilo lililopo.

Ama vitu vya kujazia, habari yake ni ndefu na baadhi yake ni ya kutisha. Mwaka 1899 daktari mmoja wa Vienna, Robert Gersuny, alianza kuwapiga watu sindano za nta ya parafini ili kujaza mapengo ya mwili. Watu wakafurahi, kisha miaka ikapita, nta ikahama mahali pake na kufanya mabonge magumu na vidonda, hata ikaachwa. Baadaye ikaja silikoni ya maji, nayo ilileta misiba ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1981 serikali ya Marekani iliruhusu kolajeni iliyotolewa katika ngozi ya ng'ombe. Kisha mwaka 2003 ikaruhusu kitu kitumiwacho zaidi leo, nacho ni asidi ya hayaluroniki, ambayo Mwenyezi Mungu ameiumba katika miili yetu sote, katika ngozi na maungio na jicho. Kazi yake ni kushika maji. Ikipigwa chini ya ngozi hujaza pengo, kisha mwili huiyeyusha kidogo kidogo, mara nyingi baina ya miezi sita na mwaka na nusu. Wako pia madaktari wachukuao mafuta ya mtu mwenyewe, tumboni au pajani, wakayapiga usoni pake. Na sehemu ya mafuta hayo huliwa na mwili, sehemu hubaki.

Wala mtu asidhani kuwa vitu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa sinema peke yao. Wengi wetu twawakumbuka wagonjwa wa Ukimwi ambao walimeza dawa ya stavudini kwa miaka, wakaishi kwa idhini ya Mungu, lakini mashavu yao yakaliwa hata wakajulikana njiani kwa uso tu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iachwe pole pole kwa sababu ya madhara yake. Na mwaka 2004 Marekani ilikuwa imekwisha kuruhusu sindano ya kujaza mashavu ya wagonjwa hao hasa. Je, mtu huyo aliyejaziwa shavu ili aweze kwenda sokoni bila ya kunyoshewa kidole, alikuwa akitaka uzuri wa fahari, au alikuwa akitaka kusitiriwa?

Sasa tuje kwenye dalili.

Ami wa binti ana hoja, wala hatumdharau. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Mwenyezi Mungu ametueleza ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha watu wabadilishe umbile la Mungu. Na katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, Ibn Masud amepokea kuwa wamelaaniwa wanawake wachanjao chale na wachanjwao, na wang'oao nywele za uso, na watengao meno yao kwa ajili ya uzuri wakibadilisha alichokiumba Mwenyezi Mungu. Hii ni laana, wala si jambo la mzaha.

Lakini tazama neno lililofungwa ndani ya hadithi yenyewe: kwa ajili ya uzuri. Imam Nawawi, alipoisherehesha hadithi hii katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa lililoharimishwa ni lile litendwalo kwa kutafuta uzuri. Ama mwanamke akilihitajia kwa matibabu au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Na kwa Abu Daud iko riwaya ya Ibn Abbas iliyoitoa nje ya laana ile hali ya ugonjwa. Basi laana haikuteremka juu ya mkono wa tabibu, bali juu ya nia ya mwenye mwili mzima asiyeridhika nao.

Na iko hadithi moja ambayo kwa maoni yetu ndiyo nguzo ya mas-ala haya, nayo imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi na Nasai. Sahaba mmoja jina lake Arfaja bin As-ad, pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zamani za Ujahilia. Akajifanyia pua ya fedha. Ile fedha ikamnukia vibaya, na Bwana Mtume (s.a.w.) akamwamrisha afanye pua ya dhahabu. Na dhahabu, kama ijulikanavyo, ni haramu kwa wanaume.

Ewe msomaji, usiipite hadithi hii upesi. Mtu aliyekatwa pua huvuta pumzi vile vile kwa tundu zilizobaki. Kwa nini basi Arfaja alitaka pua? Ili uso wake uwe uso. Wala Mtume hakumwambia kuwa huko ni kubadilisha umbile, wala hakumwambia avumilie. Kisha lililo kubwa zaidi kwa muulizaji wetu: Arfaja alikuwa amekwisha kutengenezwa mara moja! Pua ya fedha alikuwa nayo. Dawa ya kwanza ilipobakisha kasoro, hakuambiwa kuwa ile ya mwanzo yamtosha. Aliruhusiwa ya pili, na kwa kitu ambacho asili yake kwa mwanamume ni haramu. Na huyu binti wa Bokoli taya lake limetengenezwa likabakisha kasoro, naye aomba dawa ya pili, tena kwa kitu kisichokuwa haramu kwake.

Mtu atasema: pua ya fedha ilibadilishwa kwa sababu ya harufu, na harufu ni madhara; shimo la shavu si madhara. Twajibu: harufu ndiyo sababu ya kuacha fedha na kuchukua dhahabu, ama sababu ya kuwa na pua ya kubandika ni aibu ya uso, nayo imekubaliwa mara zote mbili. Na msichana aliyejifungia chumbani mwaka mzima, asiyekwenda arusini wala hitimani, ni nani atakayesema kuwa hana madhara?

Hoja iliyo nzito zaidi ya zote kwa upande wa ami hakuitaja, lakini amana ya elimu yatulazimisha tuitaje. Imepokewa katika Sahihi hizo hizo kuwa mwanamke wa Kiansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa habari ya binti yake aliyeugua, nywele zake zikamwagika, naye ni bibi arusi, akauliza kama anaweza kumuungia nywele, akakatazwa. Huyu naye alikuwa mgonjwa, naye alikuwa na haja! Wanavyuoni wameizungumza hadithi hii sana. Katika madhehebu yetu ya Shafii wametafuta sababu yake: zikiwa ni nywele za mwanadamu, hairuhusiwi kwa hali yoyote, kwa heshima ya mwanadamu, zikiwa najisi, hairuhusiwi kwa najisi yake, ama zikiwa tahiri na si za mwanadamu, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mwenye mume huruhusiwa kwa idhini ya mumewe. Hii yaonyesha kuwa hawakufahamu kuwa kila kurudisha kilichopotea ni haramu. Tena kuunga nywele ni kubandika kitu cha mwingine juu ya kichwa na kuonyesha kuwa ni chako. Ama kuutibu mwili wenyewe mpaka pengo lijae, hilo lafanana zaidi na pua ya Arfaja kuliko nywele za mwanamke mwingine. Sisi twaona hivi, wala hatumlaumu mwenye kujizuia kwa uchaji wake mwenyewe, maadamu hamlazimishi mwenziwe.

Na jambo hili halikuachwa kwa maoni ya mtu mmoja mmoja. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, likatoa azimio nambari 173 juu ya upasuaji wa urembo: yafaa kurudisha umbo na kazi ya kiungo, na kurekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo, na kasoro iliyoletwa na ajali, moto au maradhi, wala haifai kuligeuza umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio na kuiga watu.

Neno kwa ami, kwa heshima yake. Subira ni ibada, lakini hutoka moyoni mwa mwenye msiba. Haiwekwi juu ya kichwa cha mwingine kama mzigo. Mtume ametuamrisha tujitibu. Katika nchi hizo hizo zilizozunguka Ziwa Viktoria, watoto wengi walivimba mataya wakafa, na watu wakisema ni uchawi au ni majaliwa tu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, Uganda, alianza kuwachungua, akaandika habari yao mwaka 1958. Na katika miaka ya 1960 wengi wakaanza kupona kwa dawa. Yale maradhi yalikuwa kadari ya Mungu, na dawa nayo ni kadari ya Mungu.

Sasa shangazi. Bibi mwema, midomo ya binti haikuvunjika katika ajali, wala pua yake. Ruhusa imekuja kwa kasoro, nayo hukoma pale kasoro inapokoma. Kipimo chake ni uso wa binti kama ulivyokuwa kabla ya kuanguka, au kama zilivyo nyuso za watu kwa desturi; wala si picha ya simu. Daktari akijaza shimo mpaka upande wa kushoto ulingane na wa kulia, amefanya kazi ya Arfaja. Akizidisha ili kidevu kiwe kikali kama cha fulani, ameingia katika hadithi ya Ibn Masud. Na jua kuwa pua ni miongoni mwa mahali pa hatari kubwa kwa sindano hizi. Dawa ikiingia katika mshipa wa damu huuziba, ngozi ikafa. Na ikifika katika mshipa wa jicho, mtu hupofuka, na mara nyingi jicho halirudi. Ni akili gani kumhatarisha macho binti aliyetoka salama katika ajali, kwa pua isiyokuwa na neno?

Inapasa pia kuuliza asili ya dawa. Asidi ya hayaluroniki zamani ilitolewa katika upanga wa jogoo, nao ukiwa wa jogoo asiyechinjwa kisharia, kwetu ni najisi. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa bakteria, na hapo hapana la kusema. Kolajeni yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe; ya nguruwe tusiisogelee, maadamu zipo nyingine. Mafuta ya mtu mwenyewe hayana shubuha hii. Na ikiwa mtu alikwisha kupigwa asichokijua, asiupasue uso wake kwa wasiwasi. Imam Nawawi amesema katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika darsa zetu, kuwa mwenye kuunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tahiri ana udhuru; na asiyekuwa na udhuru hulazimika kukiondoa, isipokuwa akichelea madhara yaliyo wazi. Vile vibati vya titani ni madini tahiri, havina neno.

Juu ya daktari nitasema kwa ukali kidogo. Siku hizi sindano hizi hupigwa katika saluni na vyumba vya kupanga, na watu ambao elimu yao ni video tatu. Mtume (s.a.w.) amehukumu kuwa anayejifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, hulipa alichokiharibu. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliwaonya watu juu ya kalamu zinazosukuma dawa hii ngozini bila sindano, ambazo huuzwa mtandaoni kwa kila mtu. Na huku Kenya, mwaka 2024, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lilifunga kliniki moja ya urembo Nairobi baada ya mwanamke aliyefanyiwa upasuaji huko kufariki. Baraza hilo lina daftari la madaktari walioandikishwa. Kulitazama hakuna gharama. Njia njema kwa binti ni kumrudia yule aliyempasua, au daktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso katika hospitali kubwa kama ile ya Moi, Eldoret, iliyo karibu na Bokoli kuliko Nairobi, maana huyo ajua vibati viko wapi na mishipa imepita wapi. Amuulize maswali matatu. Dawa hii yaweza kuyeyushwa ikienda vibaya? Asidi ya hayaluroniki huyeyushwa kwa dawa iitwayo hayaluronidezi, silikoni haiyeyushwi. Hiyo dawa ya kuyeyusha mnayo hapa chumbani, au iko mji mwingine? Na ganzi iliyobaki mdomoni yabadilisha lolote? Kwani wengi waliopasuliwa taya hubaki na ganzi katika mdomo wa chini na kidevu, na asiyesikia maumivu hawezi kumwambia daktari kuwa kuna jambo. Ikiwa kuna mwanamke mwenye ujuzi huo, huyo ndiye wa kwanza. Akikosekana, mwanamume kwa haja, na mahram wake awepo.

Na gharama? Baba asisahau kuwa dawa hii huisha. Kujaza leo ni kukubali kujaza tena mwakani au mwaka wa pili, na kila mara nia iulizwe upya. Asiingie deni la riba kwa ajili yake, wala asiwapunguzie ndugu zake chakula. Akiwa hana, na angoje; hili ni ruhusa, si faradhi.

Yamebaki mambo madogo ambayo ndugu yetu ameyauliza mwisho wa barua. Udhu wake ni sahihi, kwa kuwa dawa iko chini ya ngozi na maji yafika yapasapo kufika. Sindano ya namna hii haifunguzi saumu, kwa kuwa si chakula wala haikupita katika tundu iliyo wazi, na Baraza la Fiqhi lilisema hivyo juu ya sindano za matibabu mwaka 1997. Lakini kwa jambo lisilokuwa la haraka, kungoja Ramadhani iishe ni bora, kwani uso huvimba siku kadhaa na huenda akahitaji dawa za kumeza. Na mchumba akija, je, ni wajibu kumwambia? Shimo la shavu si katika aibu zinazovunja ndoa kwa Mashafii, basi hapana lazima ya kulitangaza. Lakini akiuliza asidanganywe: alianguka, akapasuliwa, akajazwa, na kila mwaka au miaka miwili atarudi kwa daktari, na gharama hiyo ijulikane itakuwa juu ya nani kabla ya kufunga nikaha.

Wallahu aalam.